Mwezi Huu ni wa Nani

Vilar da Moura, 14 Oktoba 2011

Kwa mdogo wangu Abílio,

Nakusalimu wewe na Odete na wajukuu wote, hata yule aliyekataa kunibusu mwezi wa nane. Hapa aliyesimama kasimama na aliyelala kalala, nitakueleza. Zabibu tumeshavuna, chache lakini tamu. Mzee Amadeu seremala kavunja jino kwa mkate wangu, na kijiji kizima kinanicheka mimi badala ya kulicheka jino. Nakuandikia kwa sababu simu siisikii tena. Wewe unapiga kelele huko Luxemburg, mimi huku nasikia nyuki tu.

Usisome ukiwa umesimama. Mama kapasuliwa kichwa.

Yu hai, na anakula. Unakumbuka siku mbili kabla hujaondoka alijigonga kwenye boriti ya banda la nguruwe, tukacheka, naye akacheka? Kumbe lile pigo dogo lilikuwa likivujisha damu ndani ya fuvu polepole, bila maumivu. Mwisho wa Septemba kijiko kikawa kinamponyoka. Kisha mguu wa kulia ukawa unaburutika. Nikasema ni uzee, miaka tisini na mitatu si mchezo. Siku aliyoshindwa kutamka "mkate" ndipo nikaita gari la wagonjwa. Wakamkimbiza Porto, wakamtoboa matundu mawili madogo, damu ikatoka nyeusi kama oili chafu ya trekta. Nilimuuliza daktari, kijana mwenye ndevu za juzi, mtu wa umri huu mnampasuaje. Akaniambia, "Mama, kutoboa si kazi. Kazi ni kumrudisha nyumbani."

Sasa naelewa alichosema. Wamemleta hospitali ya mjini kwetu, na hapo kuna mwanamke wa ustawi wa jamii, Bi Graça, mwenye miwani inayoning'inia kifuani na maswali yasiyokwisha. Yeye ndiye anayepanga wagonjwa watoke vipi na waende wapi. Akaniuliza mama anaishi na nani. Nikamjibu, inategemea ni mwezi gani. Akavaa miwani ili anione vizuri.

Ikabidi nimweleze hatua kwa hatua. Kwamba tangu baba afariki mama anazunguka kwa watoto: mwezi kwangu, mwezi kwa Zulmira, na Agosti kwako ukija likizo. Kwamba kila tarehe mosi anabeba mkoba wake na mkate wa nyumba anayotoka, nyumba anayoingia inampa supu kabla ya neno lolote, na ni mwiko kumuuliza kule walikulishaje. Ndivyo wazee wetu walivyozungushwa, na sisi zamu yetu inakuja. "Vizuri," akasema, "na huyu Zulmira nitampata lini tuzungumze?" Nikamwambia Zulmira yuko makaburini tangu mwaka juzi, miezi yake naibeba mimi. Akainamisha kichwa, akaandika.

Masharti yake ni haya: mama akitoka aende nyumba moja na kitanda kimoja, maana ubongo uliotobolewa ukihamishwahamishwa unapotea. Nyumba isiwe na ngazi, choo kiwe karibu, na mtu alale naye. Ngazi zangu za mawe unazijua, hata mbuzi huzitazama mara mbili. Choo changu kiko uani. Katika ukoo mzima kinafaa chumba kimoja tu, kile cha chini nyumbani kwako, chenye bafu la vigae, kinachokaa kimefungwa miezi kumi na moja kila mwaka.

Nitumie ufunguo.

Dada yako,
Hermínia


Esch, 25 Oktoba 2011

Dada yangu mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa sababu mpaka nafika pale uliponikataza nilikuwa nimeshakolea. Nililia jikoni, Odete akadhani ni kitunguu. Sisi hatujambo. Magoti ya Odete yanatabiri mvua kuliko redio. Wajukuu wanaongea Kireno kama watalii wanaoulizia stendi. Kazi iko, ya kawaida.

Ashukuriwe Mungu mama yu hai. Nimewaambia mafundi wenzangu mama yangu katobolewa kichwa akiwa na miaka tisini na mitatu na siku ya pili akaomba supu, hakuna aliyeniamini.

Kuhusu nyumba, nisikilize kwanza usikasirike. Ina baridi kama kanisa. Maji nimeyafunga, mabomba ukiyafungua ovyo yanapasuka. Kuta zina unyevu, na mgonjwa wa namna hiyo akishikwa na kifua tumempoteza. Tusubiri kidogo. Je, haiwezekani ukamwekea kitanda jikoni kwako, karibu na moto? Au ile nyumba ya wazee ya kijiji cha jirani, kwa muda tu, mpaka apate nguvu? Sisemi tumtupe. Ufunguo wenyewe sijui Odete kauweka wapi.

Kitu kingine. Mwandiko wako unapanda mlima. Mistari ya mwisho nimeisoma nikiwa nimeigeuza karatasi kama ramani. Una nini?

Mwambie mama namuombea. Au usimwambie, atakujibu maombi hayamwagi beseni.

Mdogo wako,
Abílio


Vilar da Moura, 5 Novemba 2011

Mdogo wangu Abílio,

Salamu zako zimefika na nimezigawa kwa wenyewe. Zeituni zimeanza kugeuka rangi. Kaburi la baba na la Zulmira nimeyaosha na kuyapamba kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, la Zulmira kwa maua meupe, maana ya njano alisema ni ya watu wa kujionyesha. Binti yangu Lurdes alikuja kutoka Porto, akalala siku moja, akaniambia nimekonda, akaondoka.

Ufunguo sikuuona ndani ya bahasha. Niliikung'uta vizuri.

Mwandiko ni kalamu mbovu.

Sasa nikueleze la mama. Siku zote ametulia kama maji mtungini. Anakula, anatembea na ile fremu ya chuma, anawatania manesi kwamba wanatandika kitanda kama watu wanaofukuzwa. Kila asubuhi daktari humuuliza leo tarehe ngapi, ndiyo namna yao ya kumpima akili. Yeye hujibu, "Bado." Daktari huandika kwamba amekosa.

Siku ya Watakatifu Wote daktari hakupita, ilikuwa sikukuu. Mchana nesi akamkuta mama kakaa kwenye kiti mbele ya lifti. Kavaa koti juu ya gauni la hospitali. Mapajani kashika foronya aliyoijaza taulo, ndala zake na kipande cha mkate alichokiweka akiba. Walipotaka kumrudisha kitandani akamzaba nesi kofi. Mama yetu, Abílio, ambaye hata punda hajawahi kumchapa.

Nilipofika nilidhani anataka kwenda makaburini kama kila mwaka. Nikamwambia, "Mama, nimeshaosha, nimeshaweka maua." Akanitazama kama anavyotazamwa mchuuzi wa mashuka mlangoni. Akasema, "Zulmira hajaja? Mwambie niko tayari." Daktari akaniuliza Zulmira ni nani. Nikasema ni mdogo wangu, nikaishia hapo. Mama alikuwa kwenye mazishi, alimbusu kipaji mwenyewe, na sasa hilo limekwenda na ile damu nyeusi. Nani atamwambia upya? Si mimi.

Jina langu hajalitaja tangu atobolewe. Silalamiki, nakuarifu tu.

Bi Graça kaniita ofisini. Anasema mgonjwa anayetoroka hawezi kulindwa na mtu mmoja, tena wa umri wangu. Kanionyesha kwenye kompyuta nyumba ya wazee iliyo kule mpakani, ambako kuna nafasi. Milango yake hufunguliwa kwa kubonyeza namba. Mama hajui namba, anajua kubisha hodi. Akienda kule, haitakuwa kwa muda, na wewe unalijua hilo kama ninavyolijua.

La mwisho. Juzi kaja mtu na gari dogo jeupe, akaipiga picha nyumba yako pande zote, hata paa. Sikumuuliza yeye, nakuuliza wewe.

Hermínia


Esch, 15 Novemba 2011

Dada Hermínia,

Naandika Jumanne asubuhi, mvua inapiga dirisha la jikoni, Odete kaenda kazini. Sote wazima. Yule mtu wa picha ni wa bima, usimjali.

Barua yako nimeisoma hadi mikunjo imeanza kukatika, na kuna jambo nyote mmelipita. Wewe, daktari na huyo mama mwenye miwani. Alitoroka lini? Sikukuu, mnasema. Mimi nakwambia alitoroka tarehe mosi.

Kumbuka Agosti. Mimi naendesha usiku kucha kutoka huku, nafika kwenu asubuhi ya tarehe mosi macho mekundu, na nikikata kona ya kisima namwona. Kakaa kwenye kizingiti chako, koti limefungwa vifungo vyote na jua linaunguza, mkoba mapajani, mkate juu ya mkoba. Hajawahi kukosea hata mwaka mmoja. Hajui mwaka gani, hajui rais ni nani, lakini mosi anaijua. Mkisikia "bado" mnadhani kapotea. Anawajibu vizuri kabisa: bado haijafika. Na ule mkate alioweka akiba ni wa nini, kama si mkate wa nyumba anayotoka?

Mama hakutoroka, dada. Zamu yake kwa hospitali ilikwisha, akawa anangoja mtoto wa zamu ijayo aje kumchukua.

Mwambie huyo Bi Graça. Mwambie pia kofi alilopigwa nesi ni halali, nani anamrudisha mtu nyumba aliyokwisha kuiaga.

Kuhusu ufunguo, nipe muda mpaka Krismasi. Kuna mambo.

Abílio


Vilar da Moura, 3 Desemba 2011

Mdogo wangu,

Sijambo, na hofu ni kwako, maana Jumanne asubuhi uko jikoni. Mwashi gani huyo anayeangalia mvua dirishani siku ya kazi? Sikuulizi. Wewe hukuniuliza mara ya pili kuhusu kalamu yangu, basi tuko sawa.

Barua yako niliipeleka hospitali. Amadeu aliisoma kwa sauti kwa niaba yangu, akaongeza madoido yake. Bi Graça alivua miwani, akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaenda kitandani kwa mama na sisi nyuma yake. Akamuuliza, "Bibi, mosi lini?" Mama akajibu papo hapo, "Jumatano ikipita." Ilikuwa hivyo hivyo, Alhamisi. Yule daktari kijana akatazama simu yake kuhakikisha.

Basi Bi Graça akasema, kama ndivyo, huyu si mtoro, ni mtu wa ratiba, na mtu wa ratiba tunaweza kumpangia. Atoke kabla ya mosi. Lakini sharti lake lilibaki pale pale: nyumba moja, kitanda kimoja, pasipo ngazi. Akaniuliza kama mwenye nyumba karidhia. Nikasema karidhia.

Kungoja Krismasi ni kwako wewe. Ruhusa ya mama ilikuwa tarehe ishirini na tisa Novemba. Amadeu kang'oa dirisha lako la jikoni na fremu yake, kaingia, kafungua mlango kwa ndani, kalirudisha. Maji tumeyafungua, hakuna bomba lililopasuka. Unyevu haupo. Kuna vumbi, na kuna kitu mezani kilichoniudhi, kadi ya wakala wa kuuza nyumba. Siku hizi bima wanauza nyumba?

Sasa nikueleze la mosi. Tangu alfajiri mama alikuwa keshafunga mkoba. Nikamwambia, mama, hatuhami tena, daktari kakataza. Akasimama mlangoni na fremu yake, akataka kutoka mwenyewe kwenye umande. Nikajua nikimzuia ataanguka na tutarudi kwa yule kijana wa ndevu. Nikamvalisha koti, nikampa mkate, tukatoka mlango wa gereji. Tukaizunguka nyumba yako polepole, tukipita kwenye ukuta wa zeituni, akipumzika kila anapotaka, mpaka mlango wa jikoni upande wa pili. Nikamwambia angoje. Nikarudi mbio gerejini, nikapita ndani, nikafungua mlango wa jikoni kama mtu aliyekuwa akimsubiri. Supu ilikuwa motoni.

Akaingia, akakaa, akanywa yote. Akavua koti. Akanishika mkono akasema, "Zulmira, mwaka huu umechelewa kunichukua." Kisha akalala kwenye kitanda kile kile alichoamkia, usingizi mzito, bila dawa.

Nimemjibu, "Samahani, mama." Ningesema nini kingine? Tangu juzi naitwa Zulmira na naitika. Jana kanisifu kwamba supu yangu ni nzuri kuliko ya dada yangu.

Hermínia


Esch, 14 Desemba 2011

Dada,

Nilikasirika kuhusu dirisha, sikufichi. Nilitembea mpaka kituo cha treni na kurudi. Nikafika kwenye ile supu ya Zulmira, hasira zikaniisha miguuni.

Nikuambie yote sasa. Kampuni ilitufunga Juni. Agosti nilipokuja na gari lililooshwa na zawadi za watoto, nilikuwa sina kazi wiki ya sita, na nilinyamaza kwa aibu. Mtu aliyeondoka kijijini na sanduku lililofungwa kwa kamba hawezi kurudi na mikono mitupu kwenye nyumba ya vigae. Odete hataki kuacha wajukuu. Tumeona afadhali nyumba iuzwe. Kuna daktari wa meno mjini anaitaka kwa ajili ya wikiendi zake, na nimemuahidi itakuwa wazi mwisho wa Februari.

Najua unavyonisema hapo ulipo. Sema. Lakini mtafutie mama pengine kabla ya Februari, nakusihi, na mimi nitasaidia ninavyoweza nikiwa huku.

Krismasi njema kwenu. Mama umpe kipande cha samaki asiye na miiba.

Abílio


Vilar da Moura, 4 Januari 2012

Abílio,

Barua hii haina salamu.

Daktari wako wa meno kaja jana kupima chumba. Mama kampokea vizuri, kamkalisha, kamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Akajibu. Mama akamwambia, "Marehemu bibi yako alizunguka kwa watoto sita, akafia kwa wa tano, na wa sita alilia kuliko wote kwa sababu zamu ilikuwa inamfikia yeye." Sijui kapata wapi habari hiyo, kijana alikubali ni kweli. Akakunja mita yake akaondoka bila kupima upande wa dirishani.

Tarehe mosi tulizunguka tena nyumba. Mlango wa jikoni nikafungua mimi, na mwezi huu ni wangu, Januari ni yangu tangu baba afariki. Nilivaa kitambaa changu cha bluu anachokijua. Alikunywa supu. Hakunitaja jina. Ananiita "huyu wa hapa". Zulmira anamuulizia, wewe anakuulizia, hata Amadeu anamwita Amadeu. Nilimuogesha, nikamkausha katikati ya vidole, akaniambia, "Asante, huyu wa hapa." Imeniuma. Nina miaka sabini na bado inauma kama nina saba.

Na kalamu haikuwa mbovu. Ni macho. Yana ukungu tangu masika yaliyopita, jicho la kulia linaona mwanga tu. Niliwaficha, kwa sababu mwanamke asiyeona hapewi mgonjwa. Bi Graça alikuja kutukagua kabla ya Krismasi. Nikamkaribisha kahawa, nikaimimina yote mezani kando ya kikombe na nikaendelea kuongea. Akaniambia, "Bi Hermínia, nimemtoa mgonjwa mmoja hospitali nikampeleka kwa mgonjwa wa pili." Hakunifokea. Kanitafutia nafasi ya kutolewa ukungu huo Porto, mwanzoni mwa Machi, na baada yake mwezi mzima nisiiname wala nisibebe, nikae kwa Lurdes.

Kwa hiyo Machi mama hana mtu. Bi Graça kaiandika ile nyumba ya mpakani, milango ya namba, isipokuwa apate jina la mtu mwingine wa kulala naye. Anasema wazi kwamba wa umri wa mama akihamia kule kwa mwezi, hakuna anayemrudisha tena.

Kabla ya Februari nimtafutie pengine, unasema. Pengine penyewe ni huko mpakani.

Hermínia


Esch, 16 Januari 2012

Dada yangu, salamu, hata kama yako haikuja.

Machi ni wangu.

Nimempigia yule wa meno, nikamwambia asahau. Alishukuru, nadhani mama alimtisha. Odete alinuna, kisha akaanza kupiga pasi mashati yangu. Yeye atabaki kwa wajukuu mpaka shule zifunge, halafu tutaona. Mwambie Bi Graça aandike jina langu. Mwambie nimebeba mifuko ya saruji miaka arobaini, mama hafikii hata nusu mfuko.

Nitafika mwisho wa Februari unifundishe. Niandikie tu jambo moja mapema, supu unaitia nini. Na nisamehe kwa kukufanya uingilie dirishani nyumba ambayo ungepaswa kuingia kwa mlango wa mbele.

Abílio


Vilar da Moura, 2 Aprili 2012

Dada Hermínia, uliye Porto kwa Lurdes,

Natumaini macho yenyewe yanaisoma hii, bila Lurdes na bila madoido ya Amadeu. Naandika kwa herufi kubwa kama za mtoto. Huku sote wazima. Miti ya zeituni nimeipogoa, Amadeu anasema nimeipogoa kama mwashi. Bi Graça kapita, kanikuta namkata mama kucha, kakaa kidogo, kasema faili la mpakani amelifunga. Odete kanitumia mashati mengine, nami sijamuuliza maana yake.

Mwezi umekwenda, dada, lakini nakuambia ukweli, sijui ulibebaje wa kwako na wa Zulmira peke yako. Mama aliniita Abílio tangu siku ya kwanza. Nilifurahi wiki nzima. Wiki ya pili jina likakoma, akawa anaacha supu nusu. Akisikia gari la mkate anageuza kichwa mlangoni. Nikimuuliza nini, ananiambia, "Bado."

Jana ilikuwa mosi, na ilikuwa Jumapili ya Matawi. Nilijiandaa kama ulivyonifundisha. Alikuwa na mkoba, koti, mkate, na tawi la mzeituni alilopewa na jirani akalichomeka kwenye mkoba. Tukatoka gerejini, tukapita ukutani, tukapumzika. Nikamwacha kwenye mlango wa jikoni, nikakimbia kupitia ndani, nikafungua huku nahema. "Karibu mama, supu iko motoni."

Hakuinua mguu. Akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu jikoni. Akasema, "Wewe mwezi wako umekwisha. Hermínia yuko wapi?"

Alisema Hermínia. Nilimuuliza tena ili nihakikishe, akaniona mjinga. "Hermínia," akasema, "dada yako. Huu mwezi ni wake." Nikamweleza kwamba uko Porto, umetengenezwa macho. Akafikiri. "Basi nitamngoja. Hermínia hachelewi, akichelewa ana sababu."

Akakaa kwenye kizingiti, mkoba mapajani. Ilibidi nimtolee supu nje na kumfunika blanketi. Alionja, akaniambia ina chumvi, ya Hermínia haina. Watu wakitoka kanisani walimsalimu, naye kila mmoja alimwambia anakungoja wewe.

Nimekaa naye pale mpaka jua lilipogeuka, na nikaelewa kitu kuhusu mama yetu. Aliye naye haitwi, kwa sababu yupo. Anaitwa yule ambaye zamu yake inakuja na hajaonekana. Miezi yote ile ulikuwa hapo, dada, angekuitia nini?

Jioni nilimwingiza kwa kumdanganya kwamba umetuma neno unakuja Jumamosi, kabla ya Pasaka. Kalala. Mkoba hataki ufunguliwe, uko miguuni kwake na tawi lake.

Usinifanye mwongo. Njoo Jumamosi, upitie mlango wa jikoni.

Abílio